Suti ya milimita ngapi kwa Malta mwezi wa Februari?

Swali: "Mimi ni mwongozaji wa wazamiaji hapa Malindi, mwembamba, kilo 64, na mwaka mzima navaa suti ya milimita 3. Nimealikwa Malta siku kumi mwezi wa Februari, mbizi mbili kwa siku. Kuna jamaa ananiuzia suti ya milimita 5 iliyotumika. Imenizidi saizi moja, lakini anasema niivae juu ya ile yangu ya 3, jumla 8, na sitasikia baridi. Wengine wananiambia bila suti kavu nitaganda. Ninunue ipi?"

Ndugu yangu, hiyo ya milimita 5 usiinunue. Unene wake si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba imekuzidi, na suti iliyokuzidi hukuacha kwenye baridi hata ingekuwa nene namna gani. Kwa safari yako tafuta suti nusu-kavu (inayoingiza maji kidogo tu) ya milimita 7, ya kipande kimoja, inayokukaa mwilini bila mfuko wa maji popote, pamoja na kofia ya neoprini (mpira wa suti hizi), glavu na buti za milimita 5. Ukiweza kuikodi huko huko katika saizi yako hasa, ikodi. Suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, ni nzuri sana kwa maji hayo, ila ina masharti yake, nitayaeleza mbele.

Bahari yetu ya Malindi, kusi ikivuma mwezi wa Agosti, hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Kaskazi inapokaribia kuisha hupanda hadi 28 au 29. Malta mwezi wa Februari maji huwa nyuzi 15 hadi 16. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa iliyotulia, kwa hiyo pengo hilo si dogo hata kidogo. Na lipo jambo moja ambalo mgeni wa Mediterania hulipuuza: wakati wa kiangazi bahari ile ina tabaka, juu vuguvugu na chini baridi, lakini majira ya baridi upepo huivuruga yote ikawa sawa. Ukishikwa na baridi mita 30 huwezi kupanda hadi mita 5 ukapata nafuu. Zile dakika 3 za kusimama mita 5 kabla ya kutoka, ili mwili utoe gesi, utazikaa katika maji yale yale.

Sasa elewa suti inafanyaje kazi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Wazamiaji wengi hufundishwa kwamba suti huingiza maji kidogo, mwili ukayapasha moto, na maji hayo ndiyo yanayokukinga. Si hivyo. Kinachokukinga ni gesi iliyofungiwa ndani ya neoprini, vipovu vidogo visivyohesabika ambavyo havipitishi joto kwa urahisi. Maji yaliyoingia ni mzigo, maana mwili wako ndio unaoyapasha. Yakiingia mara moja yakatulia, unalipa mara moja na baada ya dakika chache umeyasahau. Yakiwa yanaingia na kutoka kila unapopiga mapezi, unalipa mbizi nzima.

Vipovu hivyo navyo hubanwa na kina. Mita 10 shinikizo ni baa 2, mara mbili ya juu ya maji, na gesi iliyomo inabaki nusu ya ukubwa wake. Mita 30 ni baa 4, inabaki robo. Mpira wenyewe haubanwi, hivyo suti haisinyai kwa kiasi hicho hicho, lakini husinyaa vya kutosha. Malta ni nchi ya mbizi za kina. Um El Faroud, meli ya mafuta yenye urefu wa mita 110 iliyozamishwa mwaka 1998 nje ya Wied iż-Żurrieq, imelala kwenye mchanga kwenye mita 36 hivi, na wenyeji wako huenda wakataka kukuonyesha. Ukifika kule chini suti yako si ile uliyoipima ukiwa nchi kavu. Ndiyo sababu kwa mtu mwembamba mwenye mbizi mbili kila siku nasema 7. Mtu mwenye nyama mwilini, aliyezoea maji yale, anaweza kuvaa 5 kwa dakika 35 akatoka akicheka. Wewe, mwili wako umezoea nyuzi 28.

Tuje kwenye kupima. Pima asubuhi na mapema au chini ya kiyoyozi, kwa sababu suti ya 7 katika joto la Malindi inaweza kukutia kizunguzungu ndani ya dakika kumi. Ikishafungwa zipu, simama wima na mwenzako ajaribu kukusanya neoprini kwa vidole pale kiunoni kwa nyuma, juu ya makalio. Akipata pindo la kushika, hapo patakaa maji. Chuchumaa kisha inuka. Ukisikia sauti ya hewa kunyonywa mgongoni, hiyo ndiyo pampu itakayovuta maji baridi kila ukijikunja. Inua mikono yote miwili juu: kwapani suti isibaki ikining'inia kama kanzu, wala isikubane mpaka mabega yashindwe kuzunguka. Katikati ya miguu lazima ifike juu kabisa. Ikiachana na mwili kwa vidole viwili, kila pigo la pezi litasukuma maji kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mikunjo midogo nyuma ya magoti haina neno.

Shingoni kuwa mwangalifu zaidi ya kwingine. Kidole kimoja kiweze kupita kwa shida kidogo. Kola ikibana mno hukandamiza mishipa ya pembeni ya shingo, na mwili hujibu kwa kupunguza mapigo ya moyo. Mtu huhisi kichwa kizito, macho yakafifia, na wapo wanaozimia. Usidhani itajilegeza baharini. Ukihisi hivyo dukani, vua, chukua nyingine. Kifuani nako vuta pumzi hadi mwisho: suti ikubali. Ukivaa mpya itakuwa inabana kuliko unavyopenda, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ikilowa hulegea kidogo.

Ukiagiza kutoka mbali, usitume urefu na uzito peke yake. Pima kifua, kiuno, nyonga, shingo, mzingo wa kichwa, paja, kigimbi, na vifundo vya mikono na miguu. Watengenezaji wengi wana saizi za watu warefu wembamba, na mara nyingi hizo ndizo zinazomfaa mtu wa umbo lako. Saizi ya kawaida itakutosha urefu halafu ikaacha nafasi kiunoni.

Hesabu ya jamaa yako, 3 na 5 kuwa 8, ni sahihi kwenye kifua tu. Kwenye viwiko, magoti na kwapani itakuwa mpira mnene usiopindika, na utachoka kupigana nao kabla baridi haijakuchosha. Tena suti ya nje ikiwa imekuzidi, maji hupita kati ya tabaka mbili kama yanavyopita kwenye mfereji, na ile 5 yote inakuwa haina kazi. Kuvaa tabaka kunafaa pale tu ya nje inapoibana ya ndani. Nguo bora ya kuongeza ndani ni fulana ya neoprini ya milimita 2 au 3, isiyo na mikono, iliyoshonwa pamoja na kofia yake. Hiyo huziba njia ya shingoni ambako maji mengi hushukia mgongoni. Ukikodi suti ya 7 ambayo haijakukaa kwa asilimia mia, fulana hiyo itakuokoa, na inaingia kwenye begi bila shida. Ile suti yako ya 3 iache nyumbani.

Nusu-kavu maana yake nini? Ni suti ya neoprini yenye pindo laini za mpira usio na kitambaa kwenye mikono, miguu na shingo, na zipu iliyotengenezwa kuzuia maji au kuyapunguza sana. Utalowa, ila maji hayazunguki. Pindo hizo hufanya kazi zikigusa ngozi tupu. Watu huvaa fulana ya kuzuia jua ndani, mkono wake ukapita chini ya pindo hadi kiganjani, kisha wanalalamika suti inavuja. Kitambaa hicho ndicho kinachoyaleta maji ndani, tone kwa tone, kama utambi. Kunja mkono wa fulana uishie juu ya pindo. Kama mkono wa suti una tabaka mbili, ya ndani ikae kwenye ngozi, glavu ipite katikati, ya nje ifunike glavu. Ukosi wa kofia uuingize chini ya kola ya suti kabla zipu haijafungwa, na mwenzako aulainishe pande zote usibaki na pindo.

Angalia mishono pia. Suti nyingi za milimita 3 tunazotumia pwani zimeshonwa sindano ikatoboa hadi upande wa pili, na kwa maji ya vuguvugu haidhuru. Kwa nyuzi 15 unataka mshono uliogundishwa kwanza kisha ukashonwa sindano isitoboe, na afadhali uwe na utepe kwa ndani. Namna rahisi ya kupima: funga mguu wa suti, mimina maji ndani, kamua taratibu. Yakitoka kwa mstari kufuata mshono, umepata jibu.

Kamba hukatikia pabovu, na kwa suti iliyotumika pabovu hapaonekani kwa macho. Neoprini iliyoshushwa mita 30 kila wiki kwa miaka hupoteza vipovu vyake na kubaki mpira mtupu. Lebo inasema 5, ukiibinya ni kama 3. Bonyeza kwa kidole gumba kisha achia: iliyo hai huinuka mara moja. Ikunje kwa nguvu kisha ifungue. Ikibaki na alama ya mkunjo na kusikika ikikwaruza, imeshakufa. Jua la kwenye mashua na mafuta ya injini huiua mapema, kwa hiyo suti iliyofanya kazi pwani hii ichunguze mara mbili.

Kofia si ya hiari. Kichwa hakifunikwi na mafuta ya mwili kama kifua, na maji ya nyuzi 15 yakikupiga kwenye paji la uso bila kinga huuma mpaka kichwa kinagonga. Kofia ya milimita 5, ukingo wake usiingie chini ya mpira wa barakoa (miwani ya kuzamia), la sivyo barakoa itavuja. Glavu za milimita 5 hupunguza wepesi wa vidole, kwa hiyo zoea kufungua vifungo vya jaketi (lile unalolijaza hewa ili uelee) na kubonyeza kitufe chake cha hewa ukiwa umezivaa, nchi kavu kwanza. Buti ziwe na soli ngumu. Mbizi nyingi za Malta na kisiwa jirani cha Gozo huanzia ufukoni juu ya miamba, na kwenda Blue Hole kule Dwejra ni kutembea na mtungi mgongoni juu ya mawe yenye ncha. Mapezi yako ya kuvaa mguu mtupu hayataingia kwenye buti. Utahitaji yale ya wazi kisiginoni yenye kamba, na yajaribu ukiwa na buti zenyewe.

Regulata yako, kifaa cha kupumulia, usiwe na wasiwasi nayo. Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 250, maji ya kuhesabiwa baridi kwa regulata ni yaliyo chini ya nyuzi 10. Kwa 15, regulata yoyote iliyofanyiwa huduma inatosha.

Risasi, yaani vipande vizito vya mkanda vinavyokuzamisha, ndizo zitakazokushangaza. Tuseme Malindi unabeba kilo 4 ukiwa na suti ya 3 na mtungi wa alumini. Suti ya 7 itakudai kilo 5 zaidi hivi, na kofia, glavu na buti kilo 1. Mediterania ina chumvi nyingi kuliko bahari yetu na maji yake ni baridi, hivyo ni mazito: ongeza nusu kilo. Lakini vituo vya Ulaya mara nyingi hutoa mtungi wa chuma wa lita 12, nao hauelei unapokaribia kuisha kama alumini, kwa hiyo punguza kilo 2 na nusu. Unapata 8. Anza na hizo, kisha hakikisha: mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na baa 50, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yakae usawa wa macho. Ukipima mtungi ukiwa umejaa, kumbuka utaongeza kilo 2, kwa sababu hewa ya kutoka baa 200 hadi 50 kwenye lita 12 ina uzito wa kilo 2 na kidogo.

Usikubali kuongezewa risasi ovyo. Kule chini suti ya 7 inaweza kupoteza kilo 5 au zaidi za uelevu wake, na ukiwa umejaza risasi kupita kiasi utashuka kama nanga, ukijaza jaketi hewa nyingi kuzuia. Ukipanda, suti inarudi kuvimba na jaketi linavimba pamoja nayo. Hapo ndipo watu wanaporuka juu bila kutaka. Toa hewa kwenye jaketi mapema, tangu unapoanza kupanda, kidogo kidogo.

Sasa suti kavu. Ndani yake unavaa nguo ya joto, suti inaziba kwa pindo za lateksi, silikoni au neoprini, na unaingiza hewa kwa valvu ya kifuani na kuitoa kwa ile ya mkono wa kushoto. Kwa nyuzi 15 nguo ya ndani ya wastani inatosha, ya sufu au ya nyuzi bandia. Pamba usiivae, maana ikilowa jasho huganda mwilini. Faida yake utaiona siku ya nne na ya tano, unapoingia mbizi ya pili ukiwa mkavu huku wenzako wanavaa mpira uliolowa. Lakini ni chombo cha kufundishwa. Hewa ikikimbilia miguuni unaweza kupinduka ukapanda miguu juu. Dawa ni kujikunja magoti kifuani, kujiviringisha, kisha kutoa hewa, na hilo hulijui mpaka umelifanyia mazoezi. Usipoongeza hewa unaposhuka, suti hukubana hadi kukuachia michubuko. Kwa mtu mwembamba, kano za kifundo cha mkono hutokeza anapokunja ngumi na kufungua njia ya maji. Ukitaka, omba kituo cha Malta kikupe kozi ya suti kavu siku mbili za kwanza, uikodi kwa zilizobaki. Huo ni mpango mzuri kabisa, na ungefaa kazi yako. Kuinunua ukairudisha Malindi nakukataza: lateksi huharibika upesi kwenye joto na unyevu wetu, na utaitumia lini tena?

Mpango wa siku nao ni sehemu ya suti. Baridi nyingi hukuta nje ya maji, mpira ukiwa umelowa na upepo unavuma. Malta ina grigal, upepo wa kaskazini-mashariki, kama kaskazi yetu kwa upande unaotokea, ila ule huleta ubaridi na mawimbi makali. Beba koti lisilopitisha upepo la kuvaa juu ya suti, kofia ya sufu, na taulo. Kikoi hakitoshi. Beba chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili yako, na nyingine ya maji ya moto, ambayo utayapunguza hadi yawe ya kuoga kisha uyamimine ndani ya glavu na shingoni kabla ya kuingia. Baridi na maji hukufanya ukojoe sana, hivyo kunywa maji hata kama husikii kiu.

Mbizi ya kwanza panga dakika 45, ya pili 35, na ya kina iwe ya kwanza. Ukianza kutetemeka mfululizo, au kidole gumba kikishindwa kugusa kidole cha mwisho, mbizi imekwisha. Mwambie mwongozaji wako, hata kama wewe nyumbani ndiwe mwongozaji. Kuna sababu nyingine ya kulichukulia hili kwa uzito: majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa mzamiaji aliyekuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda hupatwa na ugonjwa wa mgandamizo (vipovu vya gesi vinavyojitokeza mwilini unapopanda) kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo weka kompyuta yako ya kuzamia kwenye kiwango cha tahadhari zaidi, ongeza dakika kwenye kituo cha mita 5 kama bado una joto, na ukitoka usikimbilie bafu la maji ya moto sana. Jioni suti itundike ukiwa umeigeuza ndani nje, mbele ya feni. Upande unaogusa ngozi ndio unaotaka ukauke kwanza.

Safari ikibadilika, hesabu inabadilika nayo. Hurghada wakati huo ni nyuzi 21 au 22, na 5 iliyokukaa vizuri pamoja na fulana yenye kofia inatosha. Visiwa vya Canary, 18 au 19, bado ningesema 7, ila glavu nyepesi.

Suti ikikufikia mwezi wa Januari, ijaribu hapa kabla ya kuondoka: alfajiri, mita 3 hadi 5, dakika 15, si zaidi. Utasikia joto sana, kwa hiyo mwaga maji shingoni ukiingia. Lengo ni kujua shingo haikubani, unaweza kufungua vifungo ukiwa na glavu, na risasi unazotaka ni ngapi ukiwa na mtungi wa alumini, upate pa kuanzia Malta.

Na huyo jamaa usimwache hivi hivi. Muulize kama ana buti za saizi yako na mapezi ya kamba. Hivyo hata vikiwa vya zamani, kama soli haijaachia na kamba haijapasuka, vinunue.